Wasioitika

Wingu la chuo lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mabati. Hapo mwanzo lilikaa juu kabisa, jeupe, jepesi, na hakuna aliyelijali. Kila aliyesajiliwa chuoni alipewa chumba humo siku ya kwanza, na hakuna aliyewahi kuambiwa akirudishe. Wanafunzi walipanda na mizigo yao, picha, insha, barua za mapenzi, sauti za marafiki wakiimba bafuni, wakaiweka humo na kushuka mikono mitupu, wepesi kama watu waliotoka kuoga. Wakahitimu. Wakaajiriwa, wakahama, wakaoa, wakafa, na vyumba vikabaki vimejaa. Wingu likanenepa. Sasa ukitoka ukumbini unapita umeinama, na ukijisahau ukasimama wima linakugusa utosini, la baridi, na unamsikia mtu usiyemjua akicheka ndani ya kichwa chako.

Ndipo wakanitafuta mimi.

Walitaka mtu asiye na chumba. Wasomi wote walikuwa navyo, na mwenye chumba akitumwa kufuta vya wenzake huingiwa na huruma. Mimi niliishia darasa la sita, kazi yangu mabomba. Msajili wa chuo, Bwana Lugome, aliniuliza kama kuna picha yangu iliyowekwa mahali popote. Nikamwambia hakuna. Barua je? Hakuna. Sauti yangu imewahi kunaswa na mtu? Nikamwuliza huyo mtu ainase ili aifanyie nini. Akacheka kwa furaha ya kweli, akasema kwa hesabu za chuo mimi sipo, na mtu asiyekuwepo ndiye pekee anayeweza kuwaondoa wengine bila upendeleo. Hakuwa ananitukana. Lugome ni mtu wa adabu, anakupa mkono kwa mikono miwili. Lakini neno lile nilirudi nalo nyumbani. Nina magoti yanayouma, nina mke anayenikoromea sikioni, na mtu ananiambia sipo kwa sababu sikuweka kitu winguni. Basi ng'ombe hawapo. Basi mvua haipo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unapanda ngazi, unaingia winguni, unasimama mbele ya mlango ambao mwenyewe hajaonekana muda mrefu, unabisha hodi. Unangoja. Unabisha tena, unangoja. Unabisha ya tatu. Akiitika mtu, chumba ni hai, unakwenda zako. Asipoitika, unaingia kuangalia kama hakuna aliyepitiwa na usingizi, unatoka, na baadaye Msajili anakuja kubisha kwa niaba ya chuo. Napo pakiwa kimya, anaweka kiganja mlangoni na chumba kinafutika. Hakiungui wala hakibomoki. Vyumba vya kushoto na kulia vinasogeleana, na ukipita tena huoni hata pengo. Mahali pengine wangetuma barua ya onyo. Waliotunga kanuni yetu walikuwa watu wa hapa, na waliona ni vibaya kumfuta mtu bila kumbishia hodi.

Nimebisha mpaka nikaanza kuvitofautisha vimya. Kimya cha aliyesahau chumba chake ni kikavu, unakijua mara moja, kama kugonga debe tupu. Kimya cha aliyekufa kina unyevu. Kinakuegemea. Unasema hodi na unahisi upande wa pili kuna kitu kimeinua kichwa, kinataka kuitika, na hakina mdomo. Nilikuwa nasimama pale mkono uko hewani na swali limenikamata shingo. Mtu anaitika kwa sababu yupo, au yupo kwa sababu anaitika? Na yule aliyeweka mlango, akaweka na sheria ya mlango, yeye nani alimbishia? Nilimwuliza Lugome. Alifikiri kidogo kwa heshima, akasema chuo hakiulizi hivyo. Chuo kinauliza mtu ameingia lini mara ya mwisho.

Huko juu siku hazifuatani. Nilipanda Alhamisi nikashuka Jumatatu iliyoitangulia. Mke wangu, Kuruthumu, alinikuta mlangoni akaniuliza mbona nimerudi kabla sijaondoka. Nilikula chakula nilichokwisha kukila, nikalala.

Chini ya ngazi, kwenye kidato cha mwisho, alikuwa anakaa mwanamke mmoja, mikono ameikunja ndani ya kanga. Watu walimwita Mama Shaweji. Mwanawe Shaweji alikuwa mwaka wa mwisho wa sheria. Akapatwa na homa, akafa mitihani ikiwa mlangoni. Hakuna aliyekwenda kuliambia chuo. Alinieleza bila kuficha kwamba wangeambiwa wangefuta, naye aliona heri mwanawe ahesabiwe mtoro kuliko kuhesabiwa maiti. Kutoa kitu winguni kunataka neno la siri, na neno hilo Shaweji alizikwa nalo. Kupanda mwenyewe asingeweza, kwa kuwa mgeni haingii chumba cha mtu mpaka akaribishwe na aliye ndani. Basi akabaki pale chini. Wapita njia walimwamkia na yeye aliitikia wote.

Siku niliyopewa mlango wa Shaweji, mama yake alijua kabla sijafungua mdomo. Aliniomba nisiubishe. Nikamwambia nisipobisha mimi atabisha mwingine. Akaniomba basi nibishe taratibu, nami nikamwuliza, kwa ukali kidogo, taratibu itasaidia nini.

"Baba," akasema, "wewe hujawahi kumwamsha mtoto mgonjwa?"

Nilibisha taratibu. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya kilichokuja kilikuwa kimelowa chepechepe.

Ndani palinukia sabuni ya kipande na karatasi mpya. Picha zilikuwa ukutani kuanzia chini hadi juu, na sauti zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba, kama nguo. Kazi yangu ilikuwa kutazama kama hakuna mtu na kutoka. Bega langu likagusa sauti moja, ikaamka. Alikuwa Shaweji na wenzake, na Shaweji alikuwa anamwigiza mama yake. Umekula, Shaweji? Umekula nini? Nani kapika? Mbona sauti yako kama ya mtu hajala? Kila swali lilipanda juu zaidi ya lililotangulia, na wenzake walikuwa wanagaragara kwa kicheko, mmoja anamsihi aache, mbavu zinamuuma. Alimpatia kabisa. Ilikuwa sauti ya yule mwanamke wa kule chini, iliyochezewa na mtu anayempenda. Nikakaa kwenye kiti chake. Nikaigusa tena. Sijui niliigusa mara ngapi. Nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya chumba cha marehemu, mpaka machozi, na sikusikia nyayo.

"Hodi," ikasema sauti mlangoni.

"Karibu," nikasema.

Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akibisha na wewe umo ndani, mdomo hauombi ruhusa kwa kichwa. Ungenifundisha mwaka mzima ninyamaze, bado ningeitika.

Lugome alisukuma mlango, akasimama pale, uso wake kama wa mtu aliyemwaga chai kwenye nguo ya mgeni. Akasema chumba kimeitika, na chumba kilichoitika ni hai, na aliyeitika ndiye mwenyewe.

"Bwana Lugome, huyu ni mimi, Mfaume."

"Ulikuwa," akasema, na alisikitika kweli. "Kanuni haitazami sura. Aliyeitika ndani ya chumba cha Shaweji ni Shaweji. Karibu chuoni, kijana."

Akanipa mkono kwa mikono miwili na akaenda zake.

Nilidhani ni upuuzi. Nikaanza kushuka. Kidato cha kwanza, jina la mtaa ninaokaa likanitoka. Nililisikia likipita begani kurudi juu, kama ndege anayekwenda kulala. Kidato kilichofuata, ladha ya uji wa mama yangu. Kingine, sura ya baba, yote kwa pamoja, na kofia yake. Nikageuka mbio kuvifuata. Vilikuwa vimo chumbani, vimeshajipanga. Kofia ya baba yangu ilikuwa ukutani ndani ya picha, na pale ilipokuwa palikuwa na picha nyingine zamani, sikuikumbuka ni ya nani. Hapo nikaelewa chumba cha winguni ni kitu gani. Kikishakuwa hai kinataka kulishwa, na kinamla aliyeitika. Na kina kiasi chake. Kila kipya kinachoingia, cha kale kinasukumwa nje, na huko nje hakuna sakafu.

Sikuthubutu kushuka tena. Nilibaki kwenye kile kiti.

Lakini mimi sasa ndiye niliyekuwa ndani, na aliye ndani anaweza kukaribisha. Nikamwita Mama Shaweji kutoka mlangoni, naye akapanda, kwa mara ya kwanza, ameshika kanga kifuani. Alibisha. Nilipomkaribisha alisita kidogo kusikia sauti ya mzee ikitoka mle, kisha akavua ndala na kuingia.

Hakulia. Alikwenda ukuta kwa ukuta, mikono nyuma, kama mtu aliyeonywa asiguse. Alikuta picha za msichana mmoja, Nuswe, mwenye mwanya, na maneno waliyokuwa wanaambiana. Akasonya, halafu akarudi kuzitazama. Alikuta mahali Shaweji anamwambia Nuswe kwamba sheria imemshinda, anataka kwenda kujifunza ushonaji, ila hajui atamwambiaje mama. Hapo aliketi chini. Alisema aliuza kiwanja kwa ajili ya hiyo sheria. Kisha akasema mikono ya Shaweji kweli ilikuwa ya fundi, tangu mdogo, alikuwa hawezi kuona uzi asiuguse.

Nikamwamshia ile sauti ya kwenye kamba. Alisikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi. Akajipiga paja.

"Ndivyo ninavyosema hivyo?"

Nikamwambia ndivyo hasa. Akacheka, akacheka hata akalazimika kuegemea ukuta, akamtukana mwanawe tusi zuri la mapenzi, akaniomba nirudie. Alisema miaka yote hiyo chini ya ngazi alikuwa anamwomboleza mtoto ambaye nusu yake hakumjua, na sasa ndiyo kwanza wanaonana.

Akawa anakuja. Nami nikawa namkaribisha, na kila nilipomkaribisha chumba kilinifyonza kidogo. Yeye ndiye aliyeona kwanza. Kwenye sauti ile ya kuigiza, katikati ya kicheko, paliingia kikohozi. Kilikuwa kikohozi changu. Siku nyingine Nuswe hakuwa na mwanya, alikuwa na makunyanzi ya Kuruthumu. Harufu ya sabuni ikaisha, chumba kikanuka chuma na utepe wa mabomba. Shaweji akamwambia msichana wake kwamba anataka kuacha sheria akazibe mabomba.

Mama Shaweji alisimama mbele yangu, kanga ameifunga kiunoni.

"Toka humu. Unamla mwanangu."

Nikamwambia nimejaribu. Akaniuliza ni mwanamume gani mtu mzima anayeshindwa kufunga mdomo. Nikamwuliza yeye, akiwa ndani na mtu amebisha, angefunga? Akageuza uso. Tukakaa hivyo, watu wawili wazima, tunamwangalia kijana akififia kwenye kuta zake.

Lugome alipopita kwenye ukaguzi tulimwomba njia. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akasema ziko mbili tu. Atabisha tena, kama kanuni inavyotaka kwa vyumba vyenye shaka. Tukinyamaza, chumba kinafutika na vyote vilivyomo, vya Shaweji na vyangu. Akiitika mtu mwingine aliyemo, huyo anakuwa mwenyewe na mimi naachiwa, na chumba kinaendelea kula. Alisema hana njia ya tatu. Nilimwamini. Watu kama yeye hawadanganyi, hawana haja.

Tulikuwa tumekubaliana kunyamaza. Nataka hilo lieleweke. Mama Shaweji alisema mwenyewe, heri mwanawe afutwe akiwa yeye kuliko kubaki akiwa fundi bomba, na mimi sikukasirika. Aligusa picha moja moja, alisikiliza ile sauti kwa mara ya mwisho, pamoja na kikohozi changu ndani yake. Kisha tukakaa sakafuni, tumeuelekea mlango. Akachukua pindo la kanga akalitia mdomoni, akaling'ata.

"Hodi," akasema Lugome.

Kimya. Nilikisikia kile kimya safari hii kutoka ndani, na nikajua kwa nini kina unyevu. Kila kitu mle chumbani kiliinua kichwa. Picha ziliinua vichwa. Sauti zote kwenye kamba zilivuta pumzi kwa pamoja, zikaizuia, hazina mdomo, zikamtazama yule mwenye mdomo.

"Hodi."

Nikaona pindo la kanga linamtoka menoni.

"Mama," nikanong'ona, "ukiitika, atakayekaa humu si Shaweji. Atakuwa yule wako tu, wa kichwani mwako. Huyu anayekucheka ataondoka. Huyu uliyemkuta juzi."

"Najua," akasema. "Lakini mtoto wangu aitwe mlangoni, hata mtu wa kuitika asiwepo?"

"Hodi," ya tatu.

"Karibu, baba," akasema Mama Shaweji, kwa sauti ya kila siku, sauti ya kumpokea jirani. "Pita ndani."

Niliachiwa. Niliisikia ngazi chini ya nyayo zangu na hakuna kilichonitoka. Kilichokwisha kutoka hakikurudi. Kuruthumu ananieleza baba yangu alivyokuwa, mrefu, mweusi, mcheshi, namsikiliza kama ninavyosikiliza habari za baba wa mtu mwingine. Lugome alinirudisha kazini bila maswali. Alisema sasa nimekuwa sipo zaidi kuliko mwanzo.

Mlango ule bado uko kwenye zamu yangu. Muhula ukifika, na mihula huko inakuja inavyotaka, naubisha. Mwanzoni Mama Shaweji aliitika haraka, mchangamfu, akanikaribisha ndani. Shaweji alikuwa amejaa ukutani upya, lakini alikuwa mdogo. Alikuwa wa kubebwa mgongoni, wa kutambaa, wa siku ya kwanza ya shule na kaptula inayomzidi. Nuswe hakuwapo. Ushonaji haukuwapo. Ile sauti ya kuigiza niliitafuta kamba nzima sikuiona. Mtoto wa umri ule hajajua kumcheka mama yake. Mama Shaweji aliniuliza natafuta nini, nikamwambia, naye hakukumbuka kuwahi kuwa na kitu kama hicho.

Muhula mwingine aliniuliza mimi ni nani. Mwingine nilimwita Mama Shaweji, akaniuliza huyo ni yupi, kama ni yule aliyekuwa anakaa chini ya ngazi, na amekwenda wapi siku hizi. Nikasimama pale kizingitini na swali langu la zamani, sijui nilipeleke kwa nani. Anaitika. Kila hodi anaitika, vizuri, kwa heshima zote. Chuo kinaridhika. Lugome anasema hakuna chumba kilicho hai kama kile winguni pote.

Leo nimepanda. Nilipokaribia nilisikia kitoto kinalia mle ndani, kilio kile cha njaa, kinaita mama, mama, bila kukoma. Nikabisha hodi, na mlango ukafunguliwa kidogo. Uso uliotokea ulikuwa msafi, hauna kitu, kama sahani iliyooshwa.

"Karibu," akasema. Kisha akashusha sauti, ya mtu anayeona aibu kulalamika mbele ya mgeni. "Samahani, baba. Humu kuna mtoto wa watu, amekuwa analia siku nyingi. Ukishuka huko, ukimwona mama yake, mwambie aje amchukue."

Nikamwambia nitamwambia.